Kisa cha watoto wa Kwale: madini chuma yalipotiwa kwenye uji, bakteria wa maziwa ya mama wakabanwa

Leo nataka tukichambue kisa kimoja taratibu, cha watoto wa Kwale kule pwani ya kusini ya Kenya, maana ndani yake kuna karibu kila kitu ambacho mama anayenyonyesha angependa kujua kuhusu bakteria wazuri wanaotokana na maziwa yake, wanamkinga mtoto na nini, na ni kitu gani kinaweza kuwavuruga. Utafiti wenyewe ulichapishwa 2015 kwenye jarida linaitwa Gut. Mwandishi wa kwanza ni Tanja Jaeggi na nyuma yake yupo Michael Zimmermann, wakati huo akiwa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, wakiwa pamoja na watafiti wa Kenya. Alafu 2017 wakachapisha utafiti wa pili, wa huko huko Kenya, wa kujaribu kurekebisha kile walichokiona kwenye ule wa kwanza. Mi naona hizo mbili zisomwe pamoja, ukisoma ya kwanza peke yake unaweza ukatoka na jibu baya.

Tuanze na tatizo lililowapeleka pale. Mtoto anazaliwa na akiba ya madini chuma kutoka kwa mama yake, na akiba hiyo inamfikisha kama miezi 4 mpaka 6 hivi, inategemea na afya ya mama na jinsi alivyozaliwa. Maziwa ya mama yana madini chuma kidogo mno, chini ya nusu miligramu kwa lita. Akifika miezi 6 anaanza uji, na uji wenyewe kwa familia nyingi ni wa mahindi matupu, ambao nao hauna chuma cha kutosha, na kile kidogo kilichopo kinashikwa na faiteti za kwenye nafaka kwaiyo mwili haukipati vizuri. Matokeo ndo yale tunayoyaona kila siku kliniki, mtoto ana miezi 9 au 10, amepauka viganja, amelegea, hachezi, wakipima damu iko chini. Na tusidanganyane, hili ni jambo zito, upungufu wa madini chuma kwenye umri huo unagusa mpaka ubongo unavyojengeka.

Dawa iliyoonekana rahisi ni zile paketi ndogo za unga wa virutubishi. Unapika uji kama kawaida, unamwekea mtoto kwenye kikombe chake, ukishapoa kidogo unachana paketi unamimina unakoroga anakunywa, basi. Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza rasmi 2011, kwa sehemu ambazo watoto wengi wana upungufu wa damu, na kiwango cha chuma kilichotajwa ni 12.5 mg kwa paketi. Na zinafanya kazi, damu inapanda kweli, hilo halina ubishi.

Sasa kule Kwale walichukua watoto 115 wa miezi 6, wakawagawa. Kulikuwa na majaribio mawili ndani ya moja, kwenye la kwanza watoto wengine walipewa unga wenye chuma 2.5 mg na wenzao unga ule ule ila hauna chuma, na kwenye la pili wengine 12.5 mg na wenzao bila chuma. Uji wa mahindi kila siku kwa miezi 4. Si mama si mtafiti aliyejua nani yuko kundi gani. Na kila baada ya muda wanachukua choo cha mtoto wanaenda kuangalia bakteria gani wamo na kwa wingi gani.

Kabla hata hawajaanza kuwapa unga, choo cha mwanzo kabisa kilionyesha kitu ambacho kwangu mimi ndo moyo wa kisa chote. Kwa wastani asilimia 63 ya bakteria wote waliosomwa walikuwa wa ukoo wa bifidobakteria, yani wale wazuri wanaolishwa na maziwa ya mama. Hapo unafurahi. Ila kwenye watoto hao hao walikuta pia Salmonella, Clostridium difficile, Clostridium perfringens, na aina za E. coli zinazoleta ugonjwa, na hawakuwakuta kwa mtoto mmoja mmoja, walikuwa kwa watoto wengi tu. Watoto wa miezi 6! Wanatambaa, wanatia mkono mdomoni, maji ya kisima, kuku uani, mazingira ndo hayo tunayaishi wote.

Kwaiyo hebu simama hapo kidogo ufikirie. Wadudu wabaya walikuwa tayari wako ndani ya tumbo na watoto wengi walikuwa wazima wa afya. Watu wengi tunadhani maziwa ya mama yanalinda kwa kuua, kwamba mdudu akiingia anakutana na kinga anakufa mchezo umeisha. Kwale inaonyesha hali nyingine, wanaruhusiwa kuwepo lakini wananyimwa nafasi, wananyimwa chakula, wanabaki wachache wanyonge. Ulinzi wa namna hiyo ni wa kila siku na unategemea maziwa yaendelee kuingia na hali ya tumboni ibaki vile vile.

Maziwa yanafanyaje hiyo kazi? Kwanza yenyewe yana bakteria hai. Zamani madaktari walifundishwa kwamba maziwa yakitoka kwenye titi lenye afya hayana kitu, ukikuta bakteria basi yamechafuliwa na ngozi au chombo. Mwaka 2003 timu ya Madrid, Hispania, ya kina Juan Miguel Rodríguez wakaonyesha kwamba bakteria wa asidi ya maziwa, hawa wa familia ya wanaogandisha mtindi, wamo kwenye maziwa ya mama mzima wa afya. Baadae Wamarekani wakafuatilia mama na watoto wao, jozi 107, wakatoa matokeo 2017, na hesabu yao ilionyesha kwa mtoto anayenyonya zaidi, ndani ya siku 30 za mwanzo karibu asilimia 28 ya bakteria wa tumboni walitoka kwenye maziwa na asilimia 10 hivi walitoka kwenye ngozi ya kuzunguka chuchu. Yani karibu wawili kati ya watano wanatoka titini kwa mama. Hawa wanaotangulia kufika ndo wanaoshika nafasi.

Alafu kuna chakula chao. Kwenye maziwa ya mama kuna sukari za aina ya pekee zinaitwa oligosakaridi, aina zake zinazidi 150, na kwa wingi ni kitu cha tatu kwenye maziwa ukitoa maji, baada ya laktosi, ile sukari ya kawaida ya maziwa, na mafuta. Mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Hana kabisa vimeng'enya vyake. Mama anatumia nguvu za mwili wake kutengeneza chakula ambacho mwanae hakili, na jibu la kwanini ni kwamba kinaliwa na bifidobakteria, hasa mmoja anaitwa infantis ambaye anazivuta hizo sukari ndani ya mwili wake nzima nzima anazimaliza huko huko ndani, hadondoshi makombo kwa wengine. Akishakula anatoa asidi, hasa ya siki na ya maziwa, tumbo linakuwa chachu, na wale kina E. coli na Salmonella hawapendi uchachu. Ndo maana choo cha mtoto anayenyonya tu kina ile harufu ya uchachu kidogo isiyokera. Tena sukari hizo hizo zina kazi ya pili, baadhi zinafanana na vile vishikizo vilivyo kwenye ukuta wa utumbo ambavyo mdudu kama Campylobacter anavitafuta ajishikize, sasa anashika sukari badala ya utumbo na anatoka nayo kwenye choo.

Na jambo la tatu ndilo linalotupeleka kwenye kosa la ule unga. Maziwa ya mama yana protini inaitwa laktoferini, zaidi ya gramu 1 kwa lita kwenye maziwa ya kawaida na nyingi zaidi kwenye yale maziwa ya kwanza ya njano. Kazi yake mojawapo ni kushika madini chuma yasibaki huru. Inakuja ikiwa na nafasi nyingi wazi, chuma chochote kinachoranda inakikamata. Kwanini maziwa yafanye hivyo wakati mtoto anahitaji chuma? Kwa sababu karibu wadudu wote wabaya wa tumboni wanakihitaji kuliko mtoto. E. coli, Shigella, Salmonella, wote hawawezi kuzaliana vizuri bila chuma, wana mpaka kemikali zao maalum za kwenda kukinyang'anya. Bifidobakteria wao wanajiweza na chuma kidogo sana, na kuna jamaa zao wa kundi la laktobasili ambao wanaishi bila chuma kabisa, wanatumia madini mengine yanaitwa manganizi. Sasa ukiangalia maziwa yote kwa pamoja unaona kabisa mpango, chuma kidogo, kimefungwa, na tumbo limeachiwa wale wasiokihitaji.

Sasa mimina 12.5 mg kila asubuhi.

Piga hesabu mwenyewe. Kwenye maziwa mtoto alikuwa anapata chini ya nusu miligramu kwa siku nzima. Paketi moja inazidi hiyo zaidi ya mara 25. Na kwenye uji wa mahindi, chuma kinachofyonzwa mara nyingi hakifiki hata sehemu 1 ya 10, kwaiyo zaidi ya 11 mg zinateremka mpaka utumbo mpana ambako bakteria wako. Kina mama mnaijua hii hata kama hamkuambiwa sababu, mtoto akianza dawa ya damu choo kinabadilika kinakuwa cheusi au kijani kizito, na nesi anakwambia usiogope ni kawaida. Ni kawaida kweli. Ila ule weusi ni chuma ambacho hakikuingia kwenye damu, kimepita njia nzima ya chakula, na huko njiani kuna waliokula.

Na kweli walikula. Kwenye watoto waliopata chuma, kundi la kina E. coli na Shigella liliongezeka, uwiano wa hao dhidi ya bifidobakteria ukapanda, na Clostridium nao wakaongezeka. Kwa waliopewa 12.5 mg zile E. coli za ugonjwa zilipanda, na kwenye choo cha watoto waliopata chuma kipimo cha kalprotektini, ambacho kinaonyesha utumbo umewaka ndani kwa ndani, kilikuwa juu kuliko wenzao. Mkulima yeyote anaelewa hili, ukimwaga mbolea shamba zima magugu nayo yanakula.

Kuhusu kuharisha lazima niwe makini maana hapa ndo watu wanapokuza mambo. Kwenye kundi la 12.5 mg asilimia 27.3 ya watoto walihitaji kutibiwa kuharisha katika kipindi kile, na kwa wenzao wasiopewa chuma ni asilimia 8.3. Inaonekana tofauti kubwa na inatisha, ila watoto walikuwa wachache na kitakwimu tofauti hiyo haikufika kiwango cha kusema kwa uhakika kwamba haikuwa bahati. Kwaiyo ukisikia mtu anasema "imethibitishwa Kwale kwamba unga unaharisha watoto" mwambie hapana. Kilichothibitika ni mabadiliko ya bakteria na kuwaka kwa utumbo. Kuharisha kulionekana kuelekea huko huko, na ukiunganisha na utafiti mkubwa wa Pakistan wa 2013 ambapo watoto waliopewa unga wa namna hii walikuwa na siku nyingi zaidi za kuharisha, ikiwemo kuharisha damu, mi siwezi kulidharau.

Wapo watakaokumbuka Pemba hapa, na wako sahihi kuikumbuka. Kule Pemba zaidi ya watoto 24,000 wa kuanzia mwezi 1 mpaka miezi 35 waliingizwa kwenye jaribio la vidonge vya chuma na foliki, na Agosti 2003 makundi ya chuma yakasimamishwa kabla ya muda kwa sababu watoto waliopewa walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 12 ya kulazwa au kufa. Iliposomwa kwenye jarida la kitabibu la Lancet 2006 dunia nzima ilishtuka. Lakini Pemba ya miaka ile ilikuwa na malaria nyingi mno na maelezo makuu yalikuwa hayo, na hata pale waligundua watoto waliokuwa kweli wana upungufu wa chuma, wakafuatiliwa na kutibiwa malaria vizuri, walinufaika. Kisa cha Kwale ni cha tumboni. Msivichanganye, ingawa vyote viwili vinasema kitu kimoja cha msingi, kwamba chuma unachompa mtoto hakimlishi yeye peke yake.

Turudi Kwale. Timu ile ile, safari hii mwandishi wa kwanza ni Daniela Paganini na kwenye timu yumo Mary Uyoga, wakachukua watoto 155 wa miezi 6 na nusu mpaka 9 na nusu. Wakapunguza chuma mpaka 5 mg. Wakagawa makundi matatu, moja unga bila chuma, la pili unga wenye chuma, la tatu unga wenye chuma pamoja na gramu 7.5 za sukari inaitwa GOS. Hii GOS inatengenezwa kutokana na laktosi ya maziwa, haifanani kabisa na oligosakaridi za mama lakini inafanya kitu kinachokaribiana, mtoto haimeng'enyi, inafika chini ikiwa nzima na bifidobakteria wanaila. Yani waliirudisha ile sehemu ya mpango wa maziwa iliyokuwa imezidiwa.

Miezi 4 tena. Upungufu wa damu ulishuka karibu nusu kwa makundi yote mawili yaliyopata chuma, lile lenye GOS na lile lisilo na GOS, kwaiyo hata 5 mg inatosha kuleta faida kubwa, hilo peke yake ni jambo la kushika. Waliopata chuma kitupu bifidobakteria na laktobasili walikuwa chini, na jeni za sumu za wadudu wabaya zilikuwa juu. Waliopata chuma na GOS bifidobakteria walisimama vizuri na zile jeni za sumu zilibaki chini. Na hata magonjwa ya njia ya hewa yaliyohitaji matibabu yalikuwa machache kwa kundi la GOS kuliko la chuma kitupu. Mi hapo ndo nilipoamini kwamba tatizo halikuwa chuma chenyewe. Ilikuwa ni kukimimina kwa wingi mahali ambapo walinzi wameanza kupungukiwa chakula.

Maana miezi 6 ndo kipindi hasa ambacho tunapunguza kunyonyesha bila kujua. Uji ukianza mama anaona mtoto ameshiba, ananyonya mara chache, mama anarudi biasharani au kazini, mtoto anaachwa na bibi na chupa ya maziwa ya ng'ombe ambayo laktoferini yake ni kidogo sana na zile oligosakaridi karibu hakuna. Sukari za kulisha bifidobakteria zinapungua kila siku na wakati huo huo chuma kinaongezeka. Watoto wa Kwale karibu wote walikuwa bado wananyonya na bado chuma cha 12.5 kiliwayumbisha, sasa fikiria yule ambaye ameshaachishwa.

Na ongeza antibayotiki. Timu hiyo hiyo ilifanya utafiti mdogo mwingine Kenya, ukatoka 2019, watoto wachache tu wa miezi 8 hadi 10 waliokuwa wanahitaji antibayotiki, wengine wakapewa unga wenye chuma kipindi hicho hicho na wengine usio na chuma. Dawa ilishusha bifidobakteria kama inavyotarajiwa, lakini kwa waliokuwa na chuma dawa haikuwashusha vizuri E. coli wa ugonjwa, na kuharisha baada ya dawa kulikuwa kwingi zaidi. Utafiti ni mdogo lakini unagusa kitu kinachotokea kila nyumba huku kwetu, mtoto akikohoa tu mtu anakimbilia duka la dawa anauziwa chupa ya amoksilini bila kupimwa, na asubuhi paketi ya unga inaendelea kama kawaida. Kama mtoto wako ameandikiwa antibayotiki na yuko kwenye unga wa virutubishi, muulize mtoa huduma wako kama usubiri mpaka amalize dozi. Ni swali halali kabisa, usione aibu.

Mtu atauliza sasa tuache unga? Hapana jamani, na hapa nasema kwa msisitizo maana naogopa mtu asome nusu. Mtoto aliyepungukiwa damu anahitaji chuma, na kama amepimwa akaandikiwa dawa, mpe kama ulivyoelekezwa, choo cheusi kisikutishe ukaacha. Ninachotoa mimi kwenye kisa hiki ni kwamba kunyonyesha kusipunguzwe pale uji na unga vinapoanza, ndo wakati maziwa yanahitajika zaidi. Mnyonyeshe kabla ya uji, usiku mnyonyeshe, na uendelee mpaka miaka miwili kama wanavyoshauri kliniki. Uji wenyewe ukichachushwa, kama bibi zetu walivyokuwa wanaacha unga na maji ulale, zile faiteti zinapungua na chuma kinafyonzwa vizuri, kwaiyo kinachoteremka kwa wadudu kinakuwa kidogo. Kipande cha chungwa au embe pembeni kinasaidia vile vile. Na dagaa waliosagwa, maini, nyama iliyosagwa, chuma chao mwili unakifyonza kirahisi kuliko cha nafaka.

GOS kwenye paketi ingekuwa jambo zuri sana, ila gramu 7.5 kwa siku ni uzito mkubwa kuliko unga wenyewe wa virutubishi, inaongeza gharama na usafirishaji, na mi sioni kama serikali zetu zinaweza kubeba hiyo bila msaada. Wakati huo mama ana sukari bora kuliko hiyo, bure, kama atapewa nafasi ya kunyonyesha, na nafasi maana yake ni likizo ya uzazi na sehemu ya kukamulia maziwa kazini, mambo ambayo mama wa sokoni na wa kibarua hana.

Kuna chuma kingine ambacho hakipiti tumboni kabisa na hakimlishi mdudu yeyote, na ni kile kinachoingia kupitia kitovu. Ukisubiri dakika 1 mpaka 3 kabla ya kubana kitovu mtoto akishazaliwa, damu iliyobaki kwenye kondo inaingia kwake na akiba yake ya chuma inaongezeka kwa miezi inayofuata, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza hivyo hivyo kwa uzazi wa kawaida. Haihitaji paketi wala bajeti. Wewe mjamzito unayesoma hapa, ukienda kliniki mwezi huu muulize mkunga kama hospitali unayotegemea kujifungulia wanasubiri au wanabana pale pale, na kama wanabana mapema waombe wakusubirie, mtaje na mumeo au dada atakayekusindikiza ajue, maana wewe saa hiyo utakuwa umechoka huwezi kukumbuka.